Habari za Kusini ziwekwe Kusini

Abdul Karim bin Jamaliddini alikuwa mtu wa Lindi. Alitunga utenzi mrefu wa Vita vya Majimaji, kwa Kiswahili, juu ya mambo yaliyowapata watu wa kwao. Utenzi huo ulichapishwa Berlin mwaka 1933, kisha Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikauchapisha tena mwaka 1957. Sasa mwulize mwanafunzi wa kidato cha nne hapo Lindi mjini kama amewahi kulisikia jina hilo. Wengi niliowauliza hawalijui, na walimu wao hivyo hivyo. Siwalaumu hata kidogo, maana mtu hawezi kukijua kitu ambacho hakuna aliyemwonyesha.

Rai yangu ni hii: maktaba za mkoa za Mtwara na Lindi ziwe na kabati la Kusini. Liwe kabati lenye ufunguo na mkutubi wake, lihifadhi kila kilichoandikwa kuhusu watu wa huku na kila walichoandika wao wenyewe, na mtu yeyote akiingia na kuuliza aonyeshwe.

Maktaba zetu ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Sheria ya Bodi hiyo ya mwaka 1975 inamtaka mchapishaji awasilishe nakala za vitabu anavyotoa, nayo ni sheria nzuri. Lakini inamgusa mwenye jina la mchapishaji, na sehemu kubwa ya habari za Kusini haijawahi kuwa na mchapishaji. Ni kijitabu cha historia ya ukoo kilichochapwa steshenari na kugawiwa kwenye arobaini ya mzee. Ni risala ya jubilei ya parokia, au daftari la chama cha ushirika lenye majina ya wakulima wa korosho na kilo alizopeleka kila mmoja. Mkutubi wa Dar es Salaam atajuaje kwamba vitu hivyo vipo? Wa Mtwara atajua, kwa sababu anaishi na wenye navyo, anawazika na kuwaoza.

Mkutubi huyo naye ana mzigo wake. Ingia maktaba yoyote ya mkoa mchana, utakuta meza zimejaa vijana na pasti pepa, kila mmoja kaja na madaftari yake kutoka nyumbani. Wanachofuata pale ni meza, kiti na utulivu, na wana haki kabisa. Ila maktaba ikiishia hapo itakuwa ukumbi wa kujisomea tu, na mji utakuwa hauna mahali pa kuweka kumbukumbu zake.

Na zinapotea, nimeziona zikipotea. Kuna nyumba moja Mikindani nilionyeshwa sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na barua za biashara na za posa, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zimefungwa kwenye kipande cha kanga. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni wakala pembe moja ya bunda zima, kwa hiyo kila barua ilikosa mwisho wake. Pini zilizoshika karatasi zilikuwa zimeota kutu kwa hewa ya bahari, na kutu imetoboa. Mjukuu mmoja, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameziunga zilizochanika kwa selotepu, nayo imegeuka njano na kufifisha wino. Mwenye nyumba aliniuliza azipeleke wapi. Sikuwa na jibu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kazi ya kuziokoa si ya mashine kubwa. Pini zitolewe taratibu. Karatasi ziwekwe kwenye bahasha safi, ndani ya boksi lililoinuliwa kutoka sakafuni na kuachana na ukuta, zisipigwe leminesheni wala kuanikwa juani. Ikihitajika alama, itumike penseli. Kisha kila ukurasa upigwe picha, na familia irudishiwe karatasi zake ikipenda. Hili la mwisho nalisisitiza, kwa sababu watu wetu wameshachukuliwa vitu vingi na wageni waliokuja kwa tabasamu.

Tukitaja kuchukuliwa, kila mtu huku anamjua mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria, mifupa iliyochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na ambayo iko Berlin hadi sasa. Bunge limeshasikia habari zake, na vijiweni anazungumzwa. Lakini mwaka 1906 Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alipita Lindi, Masasi na Newala na fonografu, akarekodi nyimbo za watu wa huku kwenye silinda za nta. Mwaka uliofuata Carl Velten alichapisha Berlin maandishi ya Waswahili wa pwani, yakiwemo ya Kilwa na Lindi. Mbona hayo hatuyadai? Mifupa ile kuirudisha ni safari ndefu ya mikataba, meli na jengo la kuiweka. Sauti na kurasa zinanakilika. Barua rasmi ya maktaba ya mkoa ikiomba nakala si jambo la kushindikana, na nakala hiyo inaingia kwenye simu.

Wenzetu wameshafanya. Kule Marekani, maktaba ya jimbo la Louisiana ina mkusanyo maalumu wa vitabu vinavyohusu Louisiana, na maktaba hiyo hiyo huandaa tamasha la vitabu mjini Baton Rouge, waandishi na wasomaji wakakutana. Ninachokipenda ni kwamba kuhifadhi na kugawa vinafanywa na mkono mmoja. Kabati lililofungwa lisifunguliwe halimsaidii mtu wa Nanyamba.

Lipo pia la kufikiriwa kwa makini. Nyimbo za jando na unyago si za kila sikio. Nyakanga, yaani kungwi mkuu, anajua nani asikie nini na lini, na maktaba ikizirekodi na kuzimwaga mitandaoni itakuwa imewakosea heshima waliozitunza kwa vizazi. Wenye nyimbo waulizwe kwanza, makubaliano yaandikwe, na zile watakazosema zisitoke zisitoke. Wakikataa kurekodiwa, basi.

Yapo mengine yasiyo na siri ambayo yanasubiri tu kusomwa. Majimaji ilianzia kwenye milima ya Matumbi, wilayani Kilwa, Julai 1905, watu walipong'oa pamba Nandete. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliokuwa bado hai na kuandika walichosimuliwa. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa huku, akatoa tamthilia ya Kinjeketile, inayohusu vita hivyo, mwaka 1969. Wanafunzi wanaoisoma huisoma bila kuwekewa pembeni yake simulizi za wazee wale wala utenzi wa Jamaliddini. Vitu hivyo vitatu vikikaa meza moja Lindi, na mkutubi akavipeleka Nandete vikasomwa kwa sauti mbele ya wajukuu wa waliopigana, naamini wapo watakaosimama na kuongeza wanayoyajua. Hayo nayo yaandikwe, yaingie kabatini.

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, halmashauri zetu zitaanza kukusanya ushuru. Madiwani wakikaa kupanga bajeti, naomba watenge fungu la kabati la chuma, skana, na posho ya kijana mmoja kwa kila maktaba, anayesoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Wapo vijana wa namna hiyo, wamesoma madrasa za Mikindani na Kilwa Kivinje, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ujuzi wao unahitajika maktaba.