Mgonjwa Anakonda, Seli Zake Zinanenepa

Mtu akishikwa na kifua kikuu, majirani huanza kuona mashavu yaliyobonyea na nguo zinazompwaya. Kwa hiyo sikuamini haraka niliposoma kwamba ndani ya mapafu yake kuna makrofaji, seli za ulinzi, zilizojaa matone ya mafuta hadi wataalamu wakaziita seli za povu.

Koti la bakteria wa kifua kikuu lina mkono katika unene huo. Tumezoea kuliita ukuta, nami nina ugomvi na neno hilo, maana ukuta husimama tu. Koti hili limeshonwa kwa asidi za mikoliki, mafuta yenye minyororo ya kaboni 60 hadi 90. Ndiyo nta inayong'ang'ania rangi nyekundu ya Ziehl-Neelsen, njia ya kumtambua bakteria huyu kwa darubini, hata makohozi yakioshwa kwa tindikali maabara. Baadhi ya asidi hizo, bila bakteria yeyote hai, zimeonekana zikigeuza makrofaji kuwa seli za povu. Yaani koti lenyewe linamwamrisha mwenyeji, mtu aliyeambukizwa, ajaze ghala la mafuta.

Kisha mdudu, bakteria huyo, anakula. Anavuta lehemu (kolesteroli) ya mwenyeji na kuivunja, na hapo hubaki kipande kiitwacho propionili-CoA, ambayo ikizidi ni sumu kwake. Unadhani anaipeleka wapi? Anaishona kwenye koti lake! Inaingia kwenye mafuta ya juu yaitwayo PDIM, yale yale yanayomsaidia kukwepa kinga ya mwili. Hata sukari ya trehalosi, inayobeba asidi za mikoliki hadi nje, hurudishwa ndani itumike tena. Nimewahi kuishi na watu wabahili, lakini huyu amewazidi.

Ndiyo maana naona tunakosea tunapofundisha koti somo moja na ulaji somo jingine. Kwa mdudu huyu jiko na cherehani viko chumba kimoja, na anayetafuta dawa mpya aingie humo.

Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu inayotumika tangu 1952, huzuia utengenezaji wa asidi za mikoliki, na humuua vizuri bakteria anayekua. Tatizo ni yule aliyejibanza kwenye mafuta, hagawanyiki, hashoni koti jipya. Huyo isoniazidi haimpati sawasawa. Rifampisini, dawa nyingine, ndiyo humfuata huko, na mgonjwa wa kawaida humeza dawa hizo miezi 6, hata kama kikohozi kilikoma mwezi wa pili.