Mwenye Waya Kawa Mwenye Neno

Mwenzenu nina tovuti. Ndogo tu, ya kuelekeza watu namna ya kufufua redio mbovu, na wageni wake wengi ni mimi mwenyewe nikienda kuangalia kama bado ipo. Lakini hata hiyo wenye waya, yaani kampuni za intaneti, hawataki ipumue. Mimi nalipa ili kurasa zikae hewani. Msomaji wangu naye kanunua bando ili azifungue. Halafu katikati anasimama mwenye waya, hajaandika hata nukta, anataka cha juu ndiyo kurasa zifike mapema. Tarishi gani huyu, stempu imeshalipiwa, kafika mlangoni, kaificha barua nyuma ya mgongo anauliza, "Kwani aliyekuandikia ana uwezo?"

Usawa wa mtandao tunaoudai ni huo tu: mwenye waya apitishe kurasa za wote sawasawa. Ukilalamika, utaambiwa wanapunguza msongamano. Haya. Mwaka 2007 kule Marekani, kampuni ya intaneti ya Comcast ilikuwa inawabana wateja wanaogawana mafaili kwa BitTorrent, njia ya kompyuta kupeana mafaili moja kwa moja. Na haikuwabana kistaarabu, ilipiga fitina! Kompyuta hii inapelekewa ujumbe wa kughushi kwamba mwenzako kakata mawasiliano, na ile ya pili inaambiwa hivyohivyo, kila moja ikiamini ujumbe umetoka kwa mwenziwe. Shirika la habari la AP likaamua kupima kwa kugawa faili la Biblia. Likazuiwa. Sasa ndugu zangu, kama Neno la Bwana limekwama njiani, maelekezo yangu ya kubadilisha fyuzi yatapita kwa neema ya nani?

Hiyo ni spidi. Kuna kufungiwa kabisa. Kanada, mwaka 2005, wafanyakazi wa Telus, kampuni ya simu na intaneti, walikuwa kwenye mgomo, na kukawa na tovuti ya kuwaunga mkono. Kampuni ikaona dawa ni kuwazuia wateja wake wasiifikie. Shida ni kwamba sisi wenye vitovuti hatuna seva zetu, tunajazana mamia kwenye seva moja, anwani moja. Ukiifunga hiyo anwani kwa hasira za mtu mmoja, wote chali. Ndivyo ilivyokuwa: tovuti nyingine mamia, zisizojua mgomo wala mshahara, zikapotea machoni pa wateja hao. Namfikiria mwenye tovuti wa watu, pengine anauza vitambaa vyake, amekesha akikagua mafaili yake moja baada ya jingine akitafuta alipokosea, kumbe kuna bosi mahali kagombana na dereva wake.

Ndiyo maana sisi wenye tovuti tukiandamana huwa hatubebi mabango, tunaharibu mambo yetu wenyewe watu waone. Mwaka 2014 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipoleta pendekezo ambalo lingeacha mlango wazi kwa wenye pesa kununua njia ya haraka, jamaa wa Neocities, tovuti inayowapa watu nafasi ya kutengeneza kurasa zao, wakafanya kitu ambacho nikikumbuka hadi leo nacheka peke yangu. Wakatafuta anwani za kompyuta za FCC, wakazibana hadi kilobiti 28.8 kwa sekunde, ile spidi ya modemu zilizokuwa zinalia miluzi kwenye waya wa simu. Waheshimiwa wakitaka kufungua tovuti hiyo wasubiri picha ishuke mstari kwa mstari. Wamechoka kusubiri? Hakuna shida, walipe dola 1,000 kwa mwaka watafunguliwa njia. Yaani waliuziwa hoja yao wenyewe!

Tarehe 10 Septemba mwaka huohuo, tovuti kubwa zikiwemo Netflix na Reddit zikabandika kile kiduara cha kuzunguka, kuonyesha maisha yatakavyokuwa. Hazikupunguza spidi kweli, ilikuwa maonyesho tu. Mimi ningekibandika kwangu, wageni wangedhani ni Jumatano ya kawaida.

Mwaka 2015 FCC ikakubali: hakuna kufungia, hakuna kubana, hakuna kuuza njia ya haraka. Tukashangilia. Desemba 2017 wakapiga kura, watatu kwa wawili, wakafuta. 2024 wakarudisha. Januari 2025 mahakama ya rufaa ikapiga chini. Hata mke wangu akiniuliza usawa wa mtandao umefikia wapi, namjibu asubiri nifungue habari za leo, kama zitafunguka.

Na usiniambie haya ni ya wenye tovuti peke yao. Mwaka 2018 wazima moto wa Santa Clara, California, walikuwa kwenye moto mkubwa, data ya gari lao la kuratibu kazi ikabanwa na kampuni ya simu ya Verizon katikati ya shughuli. Bando lenyewe lilikuwa "lisilo na kikomo". Wakaomba wafunguliwe, wakaambiwa wahamie kifurushi cha bei ya juu. Baadaye kampuni ikasema ni kosa la huduma kwa wateja, halihusiani na usawa wa mtandao. Sawa, lakini moto ulisubiri vigezo na masharti kuzingatiwa?

Juzi nikawapigia wenye waya wangu. Nikabonyeza moja, nikabonyeza nne, nikasikiliza muziki wao wote mpaka nikaujua. Nikauliza kwa upole kwa nini tovuti yangu inajikokota ilhali video zao wenyewe zinateleza.

"Mteja wetu mpendwa, kwetu tovuti zote ni sawa. Ila tuna kifurushi kipya cha wenye tovuti wanaotaka kufika haraka."

"Shilingi ngapi?"

Akavuta pumzi anitajie bei, laini ikakata.