Mbuzi ya umeme, mwarobaini na patenti: nani analindwa hasa?

Hapa Malindi fundi akibuni kitu kipya tu ataambiwa wahi ukakate patenti kabla hujaibiwa, na mzee mwengine pembeni atasema hayo mambo ya patenti yaliwekwa kutunyang'anya vyetu. Mimi naona wote wawili wana hoja, ila sheria yenyewe wengi hatujaisoma, na humo ndani kuna mambo ya kumsaidia fundi na mengine ya kumbana, na baadhi ya hayo ya kumbana mimi nayaunga mkono kabisa.

Patenti ni makubaliano na serikali. Wewe unaeleza wazi kitu chako kinafanyaje kazi mpaka fundi mwenzako akisoma aweze kukitengeneza, serikali nayo inakupa miaka 20 tangu siku ulipoomba ya kuzuia wengine wasikitengeneze, wasikiuze wala kukiingiza nchini. Ikiisha ni cha kila mtu. Sheria yetu ya Kenya ni ya 2001 na ofisi ya serikali inayotoa patenti ni KIPI, Nairobi, na wanataka kitu kiwe kipya duniani kote, sio kipya Malindi tu, kiwe na ubunifu ambao mtaalamu wa kazi hiyo hangeuona mara moja, na kiwe kinatengenezeka.

Sasa chukua mbuzi ya umeme ya kukunia nazi. Ziko sokoni kitambo, mota, shafti na kichwa cha chuma chenye meno, unashika nusu ya nazi kwa mkono unaisukumiza pale, nazi zinaruka mpaka ukutani na vidole viko karibu na meno kweli kweli. Tuseme fundi wa kuchomelea vyuma kaongeza kishikio chenye springi, ukikiachilia tu mota inazima. Hapo hawezi kusema mashine ni yake, mota si yake, meno si yake, haki yake ni kile kishikio na namna kinavyozima mota basi. Na hiyo inategemea yale madai anayoyaandika kwenye fomu, yaani maneno ya kusema haki yake inaanzia wapi na inaishia wapi, akiandika mapana sana watayakataa kwa sababu yanagusa vitu vilivyokuwepo, akiandika membamba jirani anabadilisha springi anaweka uzito anauza kama kawaida, ndio maana watu wanalipa wakala awaandikie na wakala si wa bei rahisi.

Kwa fundi kama huyo mimi ningesema aombe cheti cha yutiliti modeli, ndio kama patenti ndogo. Ni miaka 10 na haiongezwi, lakini inataka kitu kiwe kipya na kitumike tu, haikuulizi ule ubunifu mkubwa. Wengi wanakimbilia jina la patenti wakati hii ndogo ingewatosha.

Mambo mengine yanayomuumiza mvumbuzi yapitieni haraka haraka. Ukishaonyesha kitu chako kwa video, Kenya inakupa miezi 12 ya kuomba, Ulaya haikupi hata siku moja. Patenti ya Kenya inaishia mpakani, mtu wa Tanga anaweza kuitengeneza akauza kwao bila kukuuliza, labda uwe uliomba na huko pia, kwa mfano kupitia ARIPO ya Harare, ofisi ya pamoja ya nchi kadhaa za Afrika, ukaitaja Tanzania. Na nyinyi mnaofanya kazi za ufundi hotelini sikilizeni, ukivumbua kitu ndani ya kazi uliyoajiriwa kuifanya na mkataba hausemi lolote, haki ni ya mwajiri, wewe unaweza kudai malipo kama kitu kina thamani kubwa sana. Alafu ukiibiwa, mara nyingi kudai haki yako ni wewe na wakili wako na pesa yako. Hapa ndipo sheria inamuangusha mnyonge, sina la kuitetea.

Lakini upande wa dawa ni habari nyengine. Kabla ya 2001 dawa za ukimwi za mgonjwa mmoja zilipita dola 10,000 kwa mwaka, mwaka ule kampuni ya dawa ya Cipla ya India ikasema itauza kwa dola 350. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo haikuwa gharama ya kutengeneza, ilikuwa ni nguvu ya patenti. Sheria yetu ikaweka mipaka: dawa ikishauzwa kihalali nchi nyengine mwenye patenti hawezi kuizuia isiingie, na serikali inaweza kuruhusu itengenezwe na mtu mwengine kwa ajili ya afya ya umma. Ikaja sheria ya bidhaa bandia ya 2008 imeandikwa vibaya, dawa halali za bei nafuu zingeweza kuitwa feki, wagonjwa watatu wakaenda mahakamani na 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua haki ya uhai, utu na afya iko mbele ya haki ya mwenye patenti. Kampuni zinasema bila faida hakuna utafiti, na ni kweli utafiti ni pesa nyingi, ila mtu hawezi kusubiri miaka 20 ndio atibiwe.

Na mwarobaini je? Huu huu ulioko kila uwanja kuanzia Shela kule Lamu mpaka hapa. 1994 ofisi ya patenti ya Ulaya iliipa wizara ya kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace patenti ya kuua ukungu wa mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Vandana Shiva, mwanaharakati wa India, na wenzake wakapinga, wakaleta ushahidi kwamba India yalishatumika kabla, ikafutwa 2000, rufaa ikaisha 2005. Kwa hivo sheria ilifanya kazi, lakini ni miaka 11, na ilihitaji watu wenye ushahidi uliothibitishika.

Sisi ushahidi wetu uko wapi? Sheria ya maarifa ya jadi ya 2016 inazitaka kaunti ziweke rejista, na mimi ningependa Lamu na Kilifi wafanye kazi hiyo kwa bidii. Kuna hofu kwamba ukiandika ndio umemuonyesha mwizi njia, na mganga mwenye siri yake haifai kulazimishwa aitoe. Basi tuanze na yale ambayo kila nyumba inayajua, majani ya mwarobaini ya kumuogeshea mtoto mwenye tetekuwanga, na yale makavu yanayotiwa kwenye mahindi yasiliwe na wadudu, tuandike na tarehe na nani alisema.