Saa kumi na moja ni chai, siyo msosi wa usiku

Jana tena nimealikwa once, chai ya jioni ya Wachile, kwa jirani hapa Santiago, Chile, na jana tena nimerudi nikabandika wali saa nne usiku. Mara ya kwanza ndo niliumbuka kabisa. Wakaleta chai, mikate ya marraqueta ya moto, parachichi limepondwa na chumvi, jibini, nikala kipande kimoja kistaarabu najitunzia nafasi ya chakula chenyewe, nikasubiri weee, mara naona wanatoa vikombe. Kumbe ndo imetoka hiyo, mpaka kesho!

Once maana yake kumi na moja. Wengine watakwambia eti zamani wanaume walikuwa wanaiba muda wa kunywa aguardiente, pombe kali yenye herufi 11, wakawa wanaaga kwa mafumbo kwamba wanaenda once. Mi naona Mswahili ndo angeelewa haraka, saa kumi na moja jioni si muda wa chai? Nimewaeleza hilo wakanitolea macho, maana kwao kumi na moja ni kabla ya mchana.

Najua kuna mtu ashasema huyu kavuka bahari anaponda vyakula vya watu. Sijaponda! Mchana wanakula haswa, cazuela inakuja bakuli zima na pande la nyama, kiazi, boga na kipande cha hindi, na pebre yao ni kachumbari tu iliyokatwa ndogo ndogo. Parachichi kwenye mkate nimeshasalimu amri, na wewe wa Tukuyu unayecheka wakati yako yanaoza chini ya mti, huku yakipanda bei mtaa mzima unanung'unika.

Ila mkate ni mkate. Kwetu mtu anamaliza vipande vinne, ukimuuliza umekula anajibu hapana, nimekunywa chai tu. Utaniambia kula kidogo usiku ni afya, afya gani na hawa ni kati ya wala mkate wakubwa duniani, wananunua kwa kilo?

Kinachoniuma ni kingine. Saa mbili usiku mama wa jirani kakunja miguu anaangalia tamthilia, wakati mama yangu muda huo sijawahi kumuona bila mwiko mkononi na moshi machoni, na sisi tumekaa tunauliza bado?

Jumamosi zamu yangu, napika pilau. Nimewaambia waje na njaa. Mmoja kauliza alete mkate kilo ngapi.