Tezi za Adrenali Zikitolewa, Protini Hupungua au Huongezeka?

Mwaka 1856 mwanafiziolojia Brown-Séquard aliwatoa wanyama tezi za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo, nao wakafa. Siku hizi panya aliyetolewa tezi hizo hunyweshwa maji ya chumvi akaishi, maana bila aldosteroni, homoni ya tezi hizo inayotunza chumvi mwilini, sodiamu humwishia kwenye mkojo. Akishaishi, ndipo ubishi unapoanza: je, mwili wake hutengeneza protini kidogo zaidi au nyingi zaidi?

Wanaosema utengenezaji wa protini hupungua hutazama ini. Mdunge panya huyo haidrokotisoni, homoni ya aina itolewayo na tezi hizo: ndani ya saa chache kimeng'enya cha tairosini aminotransferesi, ambacho ni protini, hupanda mara kadhaa kwenye ini. Ukizuia kwanza RNA, nakala ya maagizo ya jeni, isinakiliwe, hakipandi. Kwa hiyo homoni huagiza protini mpya itengenezwe, na bila tezi hakuna wa kuagiza.

Upande wa pili, unaosema huongezeka, hutazama msuli na thaimasi, tezi ya kinga iliyo kifuani. Homoni ileile huko hubomoa protini, na asidi amino, vijenzi vyake, zikapelekwa ini kugeuzwa glukosi. Ikiondolewa, thaimasi hukua, na panya aliyenyimwa chakula hutoa kidogo kwenye mkojo nitrojeni, ambayo ni mabaki ya protini iliyobomolewa, jambo lililoonyeshwa na Long, Katzin na Fry mwaka 1940.

Hoja hii ya nitrojeni hupewa uzito usio wake. Msuli uliopunguza kubomoka haujaanza kujenga. Umeacha tu kupoteza. Hata asidi amino zenye alama ya mnururisho, zinazodungwa ili kuona ngapi zinaingia kwenye protini mpya, na ambazo wengi huziona kama hakimu wa mwisho, zina mtego wake: msuli ukibomoka kidogo, asidi amino zisizo na alama hupungua ndani ya seli, hivyo zenye alama hazichujuki sana. Protini itaonekana imebeba alama nyingi zaidi hata kama kasi ya kuitengeneza haijabadilika.

Isitoshe, panya huyu hula kidogo, na njaa pekee hupunguza utengenezaji wa protini kwenye msuli. Asipolinganishwa na mwenzake mwenye tezi anayepimiwa chakula kilekile, tunapima njaa huku tukidhani tunapima homoni.

Mimi huanza na kundi lililorudishiwa kotikosteroni, homoni ya panya mwenyewe inayofanya kazi kama haidrokotisoni, kwa kiwango cha kawaida. Ini likirudi kama zamani, ushahidi ni mzito. Msuli usiporudi, bado sishangai: kisu kiliondoa pia sehemu ya ndani ya tezi, inayotoa adrenalini, na adrenalini huzuia msuli usibomoke.