Mwandishi wa wasifu na mzee aliyejificha: nani anamchezea nani?

Sebastian Zöllner anamsubiri mtu afe. Ameshapiga hesabu zake: mchoraji Manuel Kaminski, ambaye anamwandikia wasifu, akifariki karibu na siku ya kitabu hicho kutoka, magazeti yote yatamwandika marehemu, na atakayekuwa na maisha yake yote mkononi ni Zöllner peke yake.

Huyo ndiye msimulizi wa Ich und Kaminski (Mimi na Kaminski), riwaya fupi ya kejeli ya Daniel Kehlmann iliyotoka kwa Kijerumani mwaka 2003 na kutengenezewa filamu mwaka 2015. Kaminski ni mchoraji wa kubuni: mwanafunzi wa mchoraji wa Ufaransa Henri Matisse, aliyepata umaarufu picha zake zilipotundikwa na maelezo kwamba aliyezichora ni kipofu. Sasa ni mzee, anaishi kwenye milima ya Alps na binti yake Miriam, na wageni hawatakiwi.

Ni rahisi kuisoma riwaya hii kama hati ya mashtaka dhidi ya waandishi wa wasifu, maana ushahidi umejaa. Siku binti hayupo, Zöllner anampa mtumishi wa nyumba pesa ili aondoke, kisha anaanza kazi. Anavuta droo moja baada ya nyingine, anapekua barua, anashuka mpaka chini ya nyumba na kukuta picha ambazo mzee hajawahi kuzionyesha. Kwa kazi yake Zöllner ni mhakiki wa sanaa, lakini kitabu kizima anaongelea jina lake kuliko anavyoongelea rangi. Na kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye anayesimulia, kinaya kinauma zaidi: anajiona mjanja na mtu wa kupendwa, huku msomaji akiona jinsi watu wanavyotafuta upenyo wa kumkimbia.

Nilicheka, nakiri. Lakini naona upande huo wa kesi umeshinda kwa urahisi mno. Kehlmann amemchagua mshtakiwa asiyeweza kujitetea. Ukitaka kujua kama mtu ana haki ya kuandika maisha ya msanii asiyetaka kuandikwa, usimpime kwa tapeli. Mpime kwa mwandishi makini.

Mfano halisi upo. Ian Hamilton, mshairi na mhakiki wa Uingereza, aliandika wasifu wa J. D. Salinger, mwandishi wa riwaya wa Marekani ambaye kufikia hapo alikuwa hajachapisha kitu tangu 1965 na aliishi kwa kujificha huko New Hampshire. Hamilton hakuvunja droo ya mtu. Alisoma barua ambazo waliotumiwa, au warithi wao, walikuwa wamezitoa kwa maktaba za vyuo vikuu. Salinger alimshtaki mchapishaji, na mwaka 1987 mahakama ya rufani ya Marekani ikampa ushindi: habari zilizomo kwenye barua unaweza kuzitumia, lakini maneno yenyewe ni mali ya aliyeyaandika. Kwangu huo ni uamuzi wa nusu nusu. Unalinda sentensi, siri hauilindi. Na ili kushtaki, Salinger alilazimika kusajili hakimiliki ya barua zile zile alizotaka zisionwe, na magazeti yaliyoandika habari za kesi yakazinukuu. Aliyekimbia kelele akawa habari ya dunia nzima.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba haki yote iko kwa msanii. Anayejificha naye hutunga. Thomas Hardy, mwandishi wa Uingereza, alizichoma barua na madaftari yake mengi, kisha akaandika wasifu wake mwenyewe kwa nafsi ya tatu. Ukachapishwa baada ya kifo chake, 1928 na 1930, kwa jina la mkewe Florence. Wasomaji waliambiwa ni mke anayemwelezea mumewe. Tukikubali kwamba maisha ya msanii ni ya msanii tu, tunachokipata ndicho hicho: picha iliyosafishwa na mwenyewe, yenye sahihi ya mtu mwingine.

Kehlmann analijua hilo, na hapo ndipo riwaya yake inapozidi kejeli ya kawaida. Zöllner akishamtoa mzee nyumbani na kumpakia kwenye gari, mambo yanageuka. Kaminski anakula na kulala hotelini kwa pesa za Zöllner, anauliza maswali kuliko anavyoyajibu, na taratibu unaanza kushuku hata upofu wake. Mzee huyu si windo. Ameishi miaka mingi akijua kwamba ukimya nao huuza picha, na kwamba neno “kipofu” limefanya kazi ambayo huenda brashi peke yake isingeifanya. Kati ya hawa wawili, mwenye tamaa ya jina si mmoja.

Ndiyo maana sioni sababu ya kumwonea huruma yeyote kati yao. Mtu anayenisumbua ni Therese, mpenzi wa zamani ambaye Kaminski aliamini amekufa. Zöllner anamgundua yu hai, na anaitumia habari hiyo kama chambo cha kumtoa mzee nyumbani. Wanafika mlangoni kwake bila yeye kuwaita. Ni bibi mwenye maisha yake mengine, na mapenzi ambayo mwenzake ameyabeba miongo yote hiyo yeye anayakumbuka kwa juu juu tu. Hakuwahi kuuza picha wala kuomba umaarufu, lakini kwenye wasifu angekuwa sura nzima.

Mjadala wa kila siku hubaki kwenye ruhusa ya msanii, kana kwamba wasifu una mtu mmoja ndani yake. Msanii ana wakili, ana mchapishaji, na akitaka ana kalamu ya kujibu. Mpenzi wa zamani, mtumishi, jirani, mtoto wa nje ya ndoa, hao hawana hata kimoja. Kama kuna mipaka ya kumwekea mwandishi wa wasifu, ningeanza kuichora kwao, halafu ndipo tumgeukie mzee wa mlimani.