Yuniti 19 za Culham

Februari 2024 wanasayansi wa Culham, Uingereza, walitangaza kwamba mtambo wao wa JET, katika majaribio yake ya mwisho, ulitoa megajuli 69 za nishati ya muungano wa nyukilia (viini vyepesi vya atomu kuungana, kama ndani ya jua) kwa sekunde 5. Mitandaoni ikawa shangwe: jua limeshushwa duniani! Mimi nikachukua kikokotoo. Yuniti moja ya umeme ni megajuli 3.6; 69 gawanya kwa 3.6, unapata yuniti 19 na ushee, zilezile tunazonunua kwa tokeni. Nyumbani kwangu hazimalizi wiki mbili. Na hilo ni joto tu, si umeme. Kuipasha plazima, yaani gesi ya moto iliyo ndani ya mtambo, kulikula zaidi ya kilichotoka, achilia mbali sumaku za kuishikilia, ambazo zilisaidiwa na magurudumu mawili ya tani 775 kila moja, yaliyozungushwa mapema ili mtambo usikombe gridi kwa mkupuo.

Sasa, ni utapeli? Hata kidogo. Ila tunashangilia kusiko.

Plazima ni gesi iliyopata moto hadi elektroni zikabanduka kwenye atomu. Ikifika nyuzi milioni 150, hakuna chungu cha kuibeba. Bahati nzuri chembe zake zina chaji, hivyo hung'ang'ania mistari ya sumaku. Unaikunja mistari hiyo iwe duara, zikose pa kutokea. Lakini sumaku ya duara ina nguvu zaidi upande wa ndani kuliko wa nje, kwa hiyo viini vya atomu vinapanda, elektroni zinashuka (au kinyume chake), na utengano huo wa chaji unaisukuma plazima nzima ukutani. Tamm na Sakharov wa Urusi walipata dawa mwanzoni mwa miaka ya 1950: pitisha mkondo wa umeme ndani ya plazima yenyewe, mistari isokoteke kama kamba ya katani. Chembe iliyokuwa juu inazungushwa hadi chini, na kule kuteleza kunajifuta. Mtambo wa namna hiyo, JET ukiwemo, ndio tokamaki, na kwangu mimi msokoto huo unazipita rekodi zote za megajuli.

Ndiyo maana habari iliyonisimamisha ilikuja Februari 2025, kutoka Cadarache, Ufaransa. Tokamaki ya WEST ilishika plazima ya nyuzi milioni 50 kwa sekunde 1,337, zaidi ya dakika 22. Haikulengwa kuzalisha hata yuniti moja. Nikamtumia rafiki yangu fundi umeme, akajibu: “Sasa faida yake?” Nikampigia, tukabishana hadi salio likakata.